Kuunga hadidiski ya zamani ya IDE kwenye kompyuta mpya bila kupoteza picha zako

Swali: Mtaalamu habari za kazi. Nina hadidiski niliyoitoa kwenye kompyuta ya zamani iliyokufa, ilikua na Windows XP, ina picha za watoto wangu walipokua wadogo na barua zangu za kazi. Kompyuta yangu mpya ya mezani haina kabisa pa kuchomeka ule mkanda mpana wa nyaya. Nikanunua adapta ya USB, sasa mara diski haionekani, mara inaonekana alafu Windows inasema nifomati kwanza ndo niitumie. Nibonyeze ama nisibonyeze? Na nikitaka niiweke ndani ya kompyuta moja kwa moja inawezekana?

Jibu: Salama ndugu yangu. La haraka kwanza, usibonyeze. Ule ujumbe ukitokea tena ghairi, toa USB kwa utaratibu, zima umeme wa diski, alafu soma hapa mpaka mwisho ndo urudi mezani. Kuunga diski kwenyewe ni kazi ya dakika chache tu, kinachowaponza watu ni yale wanayoyakubali baada ya diski kuonekana, na mara nyingi sana picha zinakua bado ziko salama kabisa mpaka pale mwenyewe anapobonyeza Format au Initialize kwa sababu kompyuta imemwambia hivyo.

Huo mkanda mpana ni IDE, wengine wanaita PATA, ni kitu kilekile. Nyuma ya diski utaona safu mbili za pini zenye nafasi 40, na moja ya katikati haipo, ile ya 20, wameiacha makusudi ili kiunganishi kisiingie kichwa chini. SATA, aina mpya ya kuunganisha diski, ilianza kuingia sokoni kama 2003, 2006 Intel wakaondoa IDE kwenye chipu zao mpya za mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), watengeneza mazabodi wakaendelea kubandika chipu ya ziada kwa miaka kadhaa alafu na wao wakaacha. Kwa hiyo kompyuta yako ni nzima, ila hiyo lugha ya zamani haiiongei tena, lazima kuwe na mkalimani katikati, na huyo mkalimani ndo adapta.

Kwa msomaji mwingine ambaye diski yake ni ya zamani lakini tayari ni SATA, ile ya kiunganishi chembamba chenye umbo la L, wewe una bahati. Poti za SATA za leo zinaielewa diski ya SATA ya miaka hiyo bila shida, unachomeka kebo ya data na ya pawa basi. Angalia tu mambo mawili. Kwenye mazabodi nyingi mpya ukiwa umeweka SSD ya M.2, ile diski isiyozunguka inayochomekwa kwenye mazabodi yenyewe, kuna poti moja au mbili za SATA zinajizima, kwa hiyo diski isipoonekana hamisha poti kabla hujaanza kuilaumu. La pili ni zito zaidi: kama pawa saplai yako ni ya kebo za kuchomoa, usitumie kebo iliyotoka kwenye pawa saplai nyingine hata kama inaingia vizuri kabisa. Upande wa diski kebo zote zinafanana lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga nyaya anavyotaka, volti 12 ikaja ikaingia pale panapotakiwa 5 na diski inakufa sekunde hiyohiyo. Hili limeua diski nyingi nzima kabisa, naomba ulishike.

Turudi kwako. Umesema mara inaonekana mara haionekani, na hapo mimi nashuku vitu viwili kabla ya kushuku diski, jampa na umeme.

Jampa iko hivi. Geuza diski uangalie nyuma, kati ya zile pini 40 na tundu la pawa lenye pini nne nene kuna kikundi cha pini chache pembeni, na kwenye pini mbili kati ya hizo kumevalishwa kikofia cha plastiki, kadogo hata kucha inapata tabu kukashika. Hicho ndo jampa. Juu ya diski kwenye lebo kuna mchoro unaoonyesha ikikaa hapa ni MASTER, hapa ni SLAVE, hapa ni CABLE SELECT au CS. Enzi zile mkanda mmoja ulikua unabeba vifaa viwili, mfano diski na CD, lazima ijulikane nani mkubwa nani mdogo, na kuna uwezekano mkubwa diski yako ilikua imewekwa SLAVE au CS. Adapta nyingi za USB zinatafuta MASTER tu, zikikuta kingine ama hazioni kitu ama zinaona kwa kubahatisha. Zima umeme, shika kikofia kwa kibanio chembamba, kihamishie kwenye MASTER kama mchoro unavyosema. Kuna mtego mmoja hapa: diski nyingi za zamani za Western Digital zinatofautisha kati ya MASTER mwenye mwenzake na diski iliyo peke yake kwenye mkanda, na ikiwa peke yake inatakiwa jampa isiwepo kabisa. Soma mchoro wa diski yako, usifuate mchoro wa diski nyingine uliyoiona mtandaoni hata kama zinafanana kwa sura.

Sasa umeme. Diski ya inchi 3.5 inataka umeme wa namna mbili, volti 12 kwa ajili ya mota inayoizungusha na volti 5 kwa ajili ya saketi zake. USB ya kawaida inatoa volti 5 peke yake, kwa hiyo haiwezi kuizungusha hata ufanye nini, lazima utumie ile pakiti ya pawa iliyokuja na adapta. Shida inakuja kwamba pakiti nyingi za bei rahisi ni dhaifu, na diski inakula umeme mwingi zaidi pale inapoanza kuzunguka kutoka kwenye kusimama, pakiti ikizidiwa diski inaanza inakata, inaanza inakata, na wewe kwenye skrini unaona imekuja imepotea. Angalia maandishi kwenye pakiti, upande wa volti 12 iwe walau ampea 2. Au ukiweza tumia umeme wa pawa saplai ya kompyuta yenyewe.

Na ile plagi ya pawa ya pini nne, ile yenye waya wa njano, mweusi, mweusi, mwekundu, wengi wanaiita Molex, ina kona mbili zilizokatwa ili iingie upande mmoja tu, lakini plastiki ikiwa laini au imechoka mtu mwenye nguvu anaweza kuiingiza kichwa chini. Njano ni volti 12, mwekundu ni 5. Ukigeuza umepeleka 12 kwenye saketi za 5 na diski imeungua. Ikigoma usilazimishe, igeuze uangalie tena. Upande wa pini 40 nao, kama adapta yako ina mkanda, ule waya wa pembeni wenye rangi nyekundu ndo namba 1 na kwenye diski karibu zote za inchi 3.5 unakaa upande wa tundu la pawa.

Diski ya laptopu ya zamani, ya inchi 2.5, ina pini 44 na umeme wake unapita humohumo, volti 5 tu, kwa hiyo hiyo USB inaweza kuibeba bila pakiti. Ila pembeni yake kuna pini nne za jampa zimekaa kwenye mstari uleule, ukichomeka haraka haraka unajikuta umesogea nafasi moja. Tumia tochi.

Utaratibu wa kuwasha ni huu: diski iweke juu ya kitu kikavu kisicho chuma, mbao au kitabu, saketi yake isiguse kitu, ungana na adapta, washa umeme wa diski, sikiliza. Diski nzima inaanza na mvumo unaopanda taratibu, inagonga gonga kidogo sana wakati vichwa vinajipanga, alafu inatulia kwenye sauti moja. Ikishatulia ndo uchomeke USB kwenye poti ya nyuma ya kompyuta, sio kwenye kigawanyo cha USB. Kuanzia hapo diski isiinuliwe wala isigeuzwe mpaka uizime na isimame kabisa, ndani mle sahani zinazunguka mara 7200 kwa dakika kwenye nyingi za mezani, na vichwa vinaelea juu yake kwa nafasi ambayo jicho haliwezi kuiona.

Kama hausikii mvumo bali unasikia tik, tik, tik kwa mpangilio, au inajaribu kuzunguka inashindwa, zima. Usiirudie rudie ukitegemea ya kumi itakubali. Usiigonge, usiifungue kifuniko hata kidogo tu kuchungulia, na ule ushauri wa kuiweka kwenye friza achana nao kabisa, ikitoka mle inapata unyevu na unyevu ukiingia ndani umemaliza. Diski ya namna hiyo kama picha unazitaka kweli ni ya kupeleka kwa watu wa kuokoa data wenye chumba safi, na kila dakika unayoiwasha kabla ya hapo unawapunguzia nafasi.

Tuseme imezunguka vizuri na imeonekana. Andika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafuta ya Windows ufungue ile kurasa ya diski. Hapa ndo utaelewa ule ujumbe ulikua unamaanisha nini. Kama diski ipo na sehemu yake imeandikwa NTFS au FAT32, yaani mipangilio ya mafaili ambayo Windows inaijua, lakini haina herufi, bonyeza kulia uipe herufi, umemaliza, hiyo haifuti kitu. Kama inasema Not Initialized na kompyuta inakuomba ui-initialize, kataa, kwa sababu hiyo inaandika ramani mpya mwanzoni mwa diski juu ya ile ya zamani. Na kama inasema RAW ndo unapata ule ujumbe wa fomati, maana yake Windows imeona diski lakini haijaelewa mpangilio uliomo ndani. Sababu zinaweza kua nyingi, umeme dhaifu uliosababisha isomwe vibaya, adapta mbovu, diski iliyotoka kwenye Mac au Linux ambayo Windows haijui kuisoma, au kweli mpangilio umeharibika. Diski yako ilikua ya XP kwa hiyo Mac na Linux tunaziweka pembeni, na kwa sababu unasema mara ipo mara haipo mimi ningeanza kubadilisha pakiti ya pawa na kurekebisha jampa kabla ya kuwaza uharibifu. Wengi wakirekebisha hapo RAW inageuka NTFS yenyewe.

Ukibonyeza Format ya haraka inaandika mpangilio mpya mtupu juu ya ule wa zamani, picha zinakua bado zipo chini lakini majina na mafolda yake unaanza kuyatafuta kwa programu za uokoaji. Ukitoa tiki ya haraka ukafanya fomati kamili, kuanzia Windows Vista na kuendelea inaandika sifuri diski nzima, hapo hakuna programu wala maabara itakayokurudishia. Ndo maana nimeanza na lile neno usibonyeze.

Windows inaweza pia kukuletea ujumbe wa Scan and fix, nao kataa kwa sasa. Kurekebisha ni kuandika, na diski ya umri huu haitakiwi kuandikwa chochote mpaka kila unachokihitaji kiwe kimeshahamia kwingine.

Ikifunguka, picha na barua zako kwenye XP ziko ndani ya folda ya Documents and Settings, alafu jina ulilokua unatumia kuingilia, alafu My Documents, na picha ndani yake My Pictures. Usisahau folda ya Desktop, watu walikua wanatupia kila kitu pale. Kama ulikua unatumia Outlook Express, barua pepe zako ziko kwenye mafaili yanayoishia na .dbx ndani kabisa ya Local Settings, na hiyo folda imefichwa, kwa hiyo washa kwanza kuona vilivyofichwa.

Hapo watu wanakutana na ujumbe kwamba huna ruhusa ya kufungua folda. Hii haina maana diski imeharibika, ni XP ilikua imefunga folda kwa jina la mtumiaji wa kompyuta ile na kompyuta mpya haimjui. Ukibonyeza Continue Windows inaanza kubadilisha ruhusa faili moja moja, na huko nako ni kuandika kwenye diski. Mimi napenda njia hii zaidi, robocopy, amri ya kukopi iliyomo ndani ya Windows: fungua dirisha la amri kama msimamizi, tuseme diski ya zamani imepewa herufi F na unataka kuweka kwenye D, andika:

robocopy "F:\Documents and Settings" "D:\Zamani" /E /B /XJ /R:1 /W:1

/E inachukua mafolda yote mpaka ya ndani, /B inasoma kwa haki za bakapu kwa hiyo inapita zile ruhusa bila kuzigusa, /XJ inaruka njia za mkato za mafolda ambazo zinaweza kuizungusha bila mwisho. Na zile mbili za mwisho usiziache hata iweje. Bila hizo robocopy ikikuta faili isiyosomeka inajaribu tena mara 1,000,000 na kila mara inasubiri sekunde 30, utakaa hapo ukiona imeganda kumbe inaitesa diski yako kwenye doa moja bovu. Kwa kuweka 1 na 1 inajaribu tena mara moja, inaiacha, inasonga mbele, na mwisho inakupa hesabu ya zilizoshindikana.

Usitegemee mwendo wa SSD. Diski ya GB 80 kwa mwendo wa MB 40 kwa sekunde ni kama nusu saa hivi, na kama kuna maelfu ya mafaili madogo madogo itachukua zaidi ya hapo. Kwa hiyo wala usihangaike kununua adapta ya USB 3 kwa ajili ya IDE, kwa diski ya umri huu tofauti haitakua kubwa. Zuia kompyuta isilale katikati ya kazi, na feni ndogo ikipuliza diski pembeni inasaidia maana ilizoea kukaa ndani ya kasha lenye hewa.

Ukiona inakopi alafu inakwama kwama, inatoa makosa mengi, acha kukopi faili faili. Hapo njia nzuri ni kuchukua nakala ya diski nzima kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zenye matatizo, ndani ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), unaiwashia kwenye flashi bila kuinstoli chochote. Uzuri wake inachukua kwanza sehemu zote zinazosomeka kirahisi, alafu ndo inarudi kwenye madoa, na inaandika kumbukumbu ya ilipofikia, ukizima kesho unaendelea hapohapo. Baada ya hapo diski ya zamani unaiweka pembeni na majaribio yote unayafanya kwenye nakala. Lakini hakikisha mara mbili ipi ni diski ya kutoka na ipi ya kwenda kabla ya kubonyeza, hapa kosa la herufi moja linafuta upande usiotaka, kama huna uzoefu mwite mtu anayejua akae na wewe.

Kuna mafaili yanaweza kukataa kukopika au kufunguka, na majina yake kwenye XP yalikua yanaonekana ya kijani. Hayo yalisimbwa na ufunguo wa mtumiaji wa zamani. Usitupe diski, kopi folda nzima ya huyo mtumiaji na ukumbuke nywila yake, bila hivyo viwili hayafunguki.

Sasa la kuiweka ndani. Inawezekana, unatafuta adapta ya kugeuza IDE kuwa SATA, kibao kidogo cha saketi kinachokaa nyuma ya diski. Uwe makini sana hapa kwenye kununua maana zipo za aina mbili zinazofanana sura, moja ni ya kuweka diski ya IDE kwenye mazabodi ya SATA na nyingine ni kinyume chake, ukichukua ya kinyume haitafanya kazi hata ufanyeje na wala sio mbovu. Kuna ambazo zina kiswichi cha kuchagua upande. Kompyuta iwe imezimwa kabisa na waya wa ukutani umetolewa, IDE haikuundwa kuchomekwa ikiwa inawaka. Jampa MASTER, pawa ya Molex, kebo ya SATA kwenye poti. Ukiwasha ingia kwanza kwenye BIOS, ile kurasa ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, uhakikishe diski ya kuanzia bado ni ile SSD yako mpya, usije ukaiachia kompyuta ijaribu kuwasha ile XP. Haitawaka, mashine mpya zinaanza kwa UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, na XP hiyo haiijui, na hata ikijitahidi haina draiva za vifaa vyako. Programu za zamani nazo hazihami kwa kukopi folda, zinataka kuinstoliwa upya.

Ila kwa maoni yangu usiiache humo ndani. Diski ya umri huo kuifanya ya kazi za kila siku ni kuziweka picha za watoto wako kwenye hatari tena, itoe vitu, basi. Ndani nashauri pale tu USB inaposumbua, kwa sababu umeme wa pawa saplai ni imara kuliko zile pakiti.

Ukimaliza kukopi usifurahi kwa kuona hesabu ya GB inalingana, fungua picha zenyewe, chache za mwanzo, za katikati, za mwisho, zivute ukubwa uone kama hazijakatika nusu zikageuka kijivu. Piga skani ya virusi kwenye folda nzima, XP za enzi hizo zilikua na wadudu wengi wa flashi. Alafu weka nakala ya pili kwenye kitu kingine kisichokaa ndani ya kompyuta hiyo. Diski yenyewe ivalishe mfuko wa kuzuia umeme tuli, andika juu ina nini, iweke pakavu, haikugharimu kitu kukaa. Ikifika siku ya kuitupa ifute yote kwanza kwa fomati kamili, barua zako za kazi zimo.

Baada ya kubadilisha jampa na pakiti ya pawa kama bado inasema RAW, niandikie maneno yote yaliyo kwenye lebo ya diski, sauti inayotoa ikiwaka, na ile kurasa ya diskmgmt inaonyesha nini, ukubwa inaousoma hasa. Ikisoma GB 0 au namba ya ajabu hiyo ni njia nyingine, ikisoma ukubwa wake sahihi bado tuna nafasi nzuri.